Nailoni Isitoke

Mwaka 1968, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki kwa homa, na shida zangu zikaanzia hapo. Mahindi yalikuwa bado shambani. Mwaka haukuisha, mama akaolewa kwingine, na huyo mume mpya hakutaka mtoto wa mwenzake. Nikapelekwa kwa shangazi, kijijini, njia ya kwenda Madaba. Nilikuwa nimefika darasa la pili na sikurudi tena shule. Kusoma nasoma, polepole, kwa kufuata kidole. Haya nimeyaandika mwenyewe, na aliyenisahihishia herufi nimemlipa. Sikuomba msaada.

Shangazi alikuwa anafinyanga vyungu. Mimi kazi yangu kubeba. Kimoja kichwani, viwili vimefungwa mgongoni kwa kamba, tunatoka kabla jua halijachomoza, tunafika soko la Songea watu wameshaanza kununua. Hapo ndipo nilipojifunza biashara, siyo darasani. Mnunuzi anakigonga chungu kwa kifundo cha kidole, anatega sikio. Kizima kinalia. Chenye ufa kinakohoa. Akiwa hajaridhika anakijaza maji, anakaa pembeni anatafuna muwa, anasubiri aone kama kitako kitalowa. Shangazi hakuwa anakasirika. Na mtu akifika nyumbani, akapika mara ya kwanza chungu kikapasuka, alikirudisha na maharage yake yenye majivu bado yameganda humo, na shangazi anampa kingine na kumtaka radhi kwa maharage. Kile kibovu nilikibeba mimi kurudi nacho kijijini, maana hakutaka kionekane sokoni.

Basi nikakua hivyo. Nikaja mjini, nikauza vyungu vyangu, baadaye ndoo, baadaye sufuria, nikapata kibanda, nikajenga. Miaka arobaini nimeuza na kununua, na nilikuwa na tabia ya kusema mbele za watu kwamba hajazaliwa wa kunipiga mimi kwenye kununua. Nilisema sana. Wapo waliochoka kusikia.

Mzee wangu, yaani mume wangu, alikuwa fundi mwashi. Nyumba nyingi za mtaa wetu zimepita mikononi mwake. Miaka miwili iliyopita, mwezi wa tano, asubuhi, alinyoosha mkono wa kulia kuchukua kikombe cha chai na mkono haukwenda. Akauangalia kama mkono wa mtu mwingine. Akataka kusema kitu, mdomo ukaenda upande. Kiharusi. Hospitali ya mkoa wakamtibu wakamrudisha nyumbani, upande mmoja umekufa, maneno yanatoka nusu. Utani haukumtoka.

Nesi wa zahanati anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Ni mwanamke wa umri wa binti yangu, hacheki ovyo. Alikuja kumwangalia, akaminya godoro letu la zamani kwa kiganja, kiganja kikagota kwenye mbao.

"Mama, hili limekuwa chapati," akasema. "Mtu asiyejigeuza hawezi kulalia hili. Tafuta nene, gumu. Na umgeuze kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Usipofanya hivyo atatoka vidonda vya kulala, na hivyo vidonda vinakula mpaka mfupa."

Nikamwambia kesho asubuhi godoro litakuwepo.

Duka lenyewe siwezi kulitaja. Lipo mjini, wanauza magodoro, vitanda na makabati. Mwenye duka ni mtu wa makamo, mwenye heshima nyingi mdomoni. Yule anaamkia hata nguzo ya umeme.

"Shikamoo, mama yangu."

"Marahaba. Nataka godoro la mgonjwa. Inchi nane, gumu."

"Pole sana, mama. Hili hapa. Mgonjwa akilala hapa atasahau kama anaumwa."

"Asisahau. Alale tu."

Magodoro yalikuwa yamesimamishwa kwa ubavu, moja limeegemea jingine kama matofali, kila moja ndani ya nailoni yake nene. Nikalibonyeza lile kwa ngumi, upande wa juu, nikaenda upande wa chini, nikabonyeza pembe zote nne. Gumu. Nikalinyanyua kupima uzito. Zito. Nikaligonga, wallahi niligonga godoro kama chungu, na mwenye duka akacheka kwa adabu.

"Nitoe nailoni niangalie ndani?" nikamwuliza.

"Mama, nailoni ikitoka hapa, nani atalinunua tena? Wewe mwenyewe ungenunua godoro ambalo mtu mwingine ameshalitoa nailoni?"

Nikafikiri. Nisingenunua. Nikamwambia ukweli huo, naye akaitikia kwa kichwa kama mwalimu aliyepata jibu. Akaniandikia risiti, nikaifunga kwenye pindo la kanga, nikaita guta la magurudumu matatu likabeba.

Sasa niseme jambo ambalo watu wa kwetu wanalijua na hawalisemi. Godoro jipya kwetu halitolewi nailoni. Ingia nyumba kumi, utakuta chini ya shuka nailoni inalia. Linakaa hivyo mwaka, miwili, mpaka nailoni ichanike yenyewe. Tunasema ni kwa ajili ya vumbi, na vumbi lipo kweli. Lakini pia ni ili mgeni akiingia aone kwamba ni jipya. Mimi wanawake wa jumuiya ya kanisani walikuwa wanakuja kila wiki kusali na mgonjwa. Nilitandika shuka nikaacha upande wa mlangoni wazi, ule wenye karatasi yenye picha ya mtoto amelala anacheka. Walioingia waliiona. Mmoja akasema, "Mgonjwa ametunzwa huyu." Nilifurahi. Sifichi.

Mzee akageuka kwa mara ya kwanza juu yake, nailoni ikalia, akaniangalia kwa lile jicho zima.

"Umeninunulia godoro," akasema polepole, neno kwa neno, "au umenifunga kama mkate?"

Wiki ya pili pakaingia shimo. Siyo bonde dogo, shimo, katikati, pale kiuno kinapokaa. Pembeni kumesimama imara, katikati kumezama, na mzee amekaa humo kama yai ndani ya kiota. Kumgeuza ikawa kazi ya kumtoa shimoni kwanza. Wifi yangu, dada yake mzee, alikuwa amekuja kutoka Lusewa kunisaidia baada ya kumaliza kufunga tumbaku yake. Ni mjane, mwembamba, mkimya, mtu wa shamba. Nilikuwa namwona mzito wa mambo. Yeye ndiye aliyeingiza mkono chini ya shuka akasema, "Wifi, hapa katikati hamna kitu."

"Hamna kitu vipi? Godoro jipya hili."

"Jipya ndiyo. Lakini hamna kitu."

Nikaenda dukani.

"Shikamoo, mama yangu. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Godoro limezama."

"Ah, hilo linazoea mwili. Godoro jipya ni kama kiatu. Mgeuzie, kichwani kuwe miguuni."

Tukageuza. Shimo likabaki pale pale, maana katikati ni katikati, ukigeuza usigeuze. Nikarudi. Safari hii aliniletea kiti na soda.

"Mama, nailoni ipo?"

"Ipo."

"Haijachanika?"

"Haijachanika."

"Basi hapo tuko salama. Sikiliza, mama yangu. Mtu wa kiwandani anakuja Jumatatu, anazunguka maduka yote. Ataliangalia, na kama lina kasoro wanabadilisha bila neno. Lakini nailoni isitoke. Nailoni ikitoka, wale wanasema limetumika, na hata mimi sitakuwa na la kusema. Nailoni isitoke, mama."

Nikarudi nyumbani na hayo maneno kama mtu aliyebeba mayai. Nikamwambia wifi, nailoni isitoke. Nikamwambia kila aliyeingia. Nikabandika plasta mahali ilipoanza kuchanika kidogo kwenye pembe.

Ilikuwa mwezi wa sita unaisha, na anayeijua Songea anaijua baridi ya mwezi huo. Juu tulimfunika mzee blanketi mbili. Chini nailoni. Anatoka jasho mgongoni na jasho halina pa kwenda. Asubuhi tukimgeuza shuka limelowa na ngozi imekunjamana kama ya mtu aliyefua siku nzima. Juu ya mfupa wa makalio pakawa pekundu. Baada ya siku chache pakawa peusi. Baadaye pakafunguka.

Nesi alipopaona alisafisha, akafunga, akanawa mikono. Ndipo akasema.

"Mama, toa hiyo nailoni leo. Inamchemsha."

"Nitaitoa Jumatatu. Mtu wa kiwandani anakuja kuliangalia."

"Risiti unayo?"

Nikafungua pindo la kanga nikampa. Akaisoma, akaigeuza, akaiweka mbele yangu na kidole chini ya mstari wa mwisho.

"Umeisoma hii?"

Nilikuwa nimeona kwamba pale chini pana maandishi. Kuyasoma sikuyasoma, yalikuwa madogo. Akanisomea yeye: bidhaa ikishauzwa hairudishwi wala haibadilishwi.

"Kwa hiyo unasubiri nini?" akaniuliza.

"Amenipa neno lake."

"Mama, nani amekupa neno, huyo aliyeandika hivi?"

Jumatatu nikavaa, nikaenda dukani asubuhi, nikakaa pale pale kwenye kiti mpaka saa tisa. Mtu wa kiwandani hakuja. Mwenye duka akaniambia gari limeharibikia Makambako, atakuja Jumatatu ijayo. Nikarudi. Jumatatu ijayo nikaenda tena. Safari hiyo akasema mtu huyo amepita Mbinga kwanza. Kila mara aliniamkia, kila mara aliniuliza hali ya mgonjwa, na kila mara nikitoka alinikumbusha nailoni.

Hebu nieleweke. Sikuwa mjinga kiasi cha kuamini hayo yote. Jumatatu ya pili nilishajua ananizungusha. Lakini kutoa nailoni ilikuwa ni kusema, haya, umenipiga, nimekubali. Hilo nilishindwa. Nilitaka godoro likae vile vile alivyoliuza, na shimo lake ndani yake, nimwekee mezani, asipate pa kutokea. Nilikuwa natunza ushahidi, na ushahidi wenyewe mume wangu alikuwa amelala juu yake.

Mzee mwenyewe aliniambia. Jioni moja namlisha uji, akasogeza kijiko kwa ule mkono mzima.

"Toa tu," akasema. "Nimejenga nyumba ngapi."

"Nyumba zinaingiaje hapa?"

"Nimepunguza saruji. Nyingine. Ukuta unapasuka. Hakuna aliyenirudishia ukuta."

Wifi yangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nikamwambia mzee anyamaze, watu wa nyumba hizo bado wako hai, wengine ndio hao wanaokuja kumsalia. Akatoa lile tabasamu lake la upande mmoja akafumba jicho.

Nesi alirudi wiki hiyo. Alipofungua kidonda, harufu ikajaa chumba. Mimi nilikuwa nimeshaizoea kidogo kidogo, kila siku inaongezeka unyayo mmoja, hujui. Kwenye uso wa nesi ndipo nilipoijua. Kidole chake kingeweza kuingia mle.

"Jumatatu imekuja?" akaniuliza, hajaniangalia.

"Imekuja yenyewe. Mtu hakuja."

"Mama, unatunza godoro au unatunza mgonjwa?"

Nikamjibu vibaya. Nikamwambia yeye ni mwajiriwa, mshahara unamfuata amelala, hajui kupigwa na mtu dukani kunaumaje. Mgonjwa yupo pale anasikia. Nesi akafunga mkoba wake akatoka. Siku ya tatu alirudi kufunga kidonda kama kawaida na hakulitaja tena jambo hilo, na mimi sikumwomba radhi. Nimekuja kumwomba baadaye sana.

Siku ile ile aliyonisema, mchana, wakati wifi ameenda kuchota maji, nilichukua wembe. Nikamvingirisha mzee upande wa ukutani, nikakata nailoni kuanzia kichwani mpaka miguuni. Chini ya nailoni kitambaa kizuri cha maua. Sikuishia hapo. Nikakata mshono wa kitambaa, nikaingiza mikono miwili.

Pembeni kote, upana wa kiganja, kulikuwa na sponji jipya, zima, gumu. Hilo ndilo nililobonyeza dukani. Godoro lililosimama kwa ubavu huwezi kulifikia kwingine, mkono unaishia pembeni, na aliyelitengeneza alijua mkono wa mnunuzi unaishia wapi. Katikati vilikuwa vipande. Vya bluu, vya njano, vyeupe vilivyogeuka kahawia, vimegandishwa kwa gundi ambayo imeshaachia. Kimoja kilikuwa bado kina uzi na ngozi ya kiti cha gari. Kingine kilinuka mafuta ya taa. Nikakaa sakafuni na hivyo vipande mapajani. Mzee alikuwa ananitazama kutoka ukutani.

"Kuna nini?" akauliza.

"Kuna takataka."

"Mm," akasema. "Angalau siyo mkate."

Wifi aliporudi aliviona vipande. Alikwenda chumba alichokuwa analala, akatoka na godoro lake. Alikuwa amekuja nalo kutoka Lusewa, juu ya basi, limefungwa kamba ya katani, na siku aliyofika nalo nilimcheka, nikamwuliza kama alidhani kwangu watu wanalala chini. Lilikuwa la inchi sita, la zamani, kitambaa kimepauka, hakuna nailoni. Akalitandika kitandani, tukamlaza kaka yake. Yeye usiku huo akalala kwenye mkeka. Nikampa blanketi.

Sasa, mtu mwenye akili angeishia hapo. Mgonjwa ameshapata pa kulala, kaa naye. Mimi asubuhi nikaita guta.

Nilipakia godoro langu lililopasuliwa, matumbo nje, nikaenda nalo mpaka mlangoni kwa yule bwana, ilikuwa siku mji umejaa watu wa vijijini waliokuja kuuza mahindi. Nikalishusha kwenye ngazi za duka lake, nikakaa juu yake. Aliponiona akatoka haraka.

"Shikamoo, mama yangu."

"Sitaki."

Akasimama. Nadhani hakuwahi kukataliwa shikamoo. Akaangalia vipande, akaangalia watu wanaoanza kusimama, halafu akasema kitu ambacho mpaka leo nakikumbuka.

"Mama, mbona umetoa nailoni?"

Sikupiga kelele. Watu wanafikiri nilipiga kelele. Nilimwambia kila anayepita, kwa sauti ya kawaida, kama navyouza ndoo: njoo uone, mume wangu amepooza, amelala juu ya hii wiki tano, ana kidonda cha kuingia kidole. Njoo, shika. Watu wakashika. Mama mmoja wa shamba akachukua kile kipande chenye ngozi ya kiti, akakinusa, akasema, "Hiki kilikuwa basi." Watu wakacheka. Aliyekuwa ndani anachagua godoro akatoka bila kununua, na mwingine akatoka. Hapo mwenye duka akaanza kutoka jasho.

"Mama, ingia ndani tuzungumze kama mtu na mwanae."

"Mwanangu ningemfundisha. Tuzungumze hapa."

"Basi nakupa jingine. Chukua lolote."

"Lipasue kwanza."

"Mama, nikilipasua..."

"Lipasue."

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa ameshafika, amesimama na mikono nyuma. Akamwambia, "Lipasue tu, bwana, watu wanaangalia." Akapasua moja kwa wembe. Vipande. Akapasua la pili. Vipande. La tatu lilikuwa sponji moja, jeupe, kutoka ukingo mpaka ukingo. Alilishona mwenyewe pale pale mbele ya watu, nikalipakia. Ilishakuwa saa kumi. Watu wakanipisha njia kama bibi harusi. Nilikuwa sijala tangu asubuhi na nilijiona mtu mkubwa sana. Yale mawili yaliyopasuliwa niliyaacha hapo hapo yalipo. Sikuyawaza. Langu nilikuwa nimepata.

Nilipofika nyumbani, wifi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni kwa mgonjwa.

"Amelala?" nikamwuliza.

"Amelala sasa hivi."

"Nimepata, wifi. Zima kabisa. Mwamshe aone."

"Mwache." "Leo alikuwa anasema vizuri. Tangu asubuhi. Mdomo umefunguka kabisa, nimeshangaa. Ameniuliza habari za nyumbani, za marehemu mama, nyimbo za zamani. Amekuuliza wewe mara tatu."

"Ukamwambia nini?"

"Nimemwambia umeenda kwenye godoro. Akasema, huyo asipokuja na godoro atakuja na duka."

Tukacheka wote wawili, kimya kimya, tusimwamshe. Nikaingia nikakaa kando yake kumngoja aamke. Alipoamka usiku homa ilikuwa imepanda, na maneno yalikuwa yamekwisha. Asubuhi tukampeleka hospitali. Wakasema sumu ya kidonda imeingia kwenye damu. Walimhangaikia siku nne. Nilimweleza habari yote ya dukani, mwanzo mpaka mwisho, sikioni, pamoja na ile ya basi. Sijui kama alisikia. Siku ya tano asubuhi alifariki.

Nesi aliniambia baadaye kwamba kiharusi kile kingemchukua tu, kama siyo mwaka ule, mwaka unaofuata. Alisema kunituliza. Mimi nimeuza vitu miaka arobaini, najua mtu anapopunguza bei.

Mwenye duka alikuja msibani. Niliona watu wanaangaliana. Alikaa chini ya turubai na wanaume, akachangia kama wengine, akala kama wengine, na wanawake walipokuwa wanakusanya sahani akaja mpaka nilipokaa, akachuchumaa.

"Pole sana, mama yangu. Na unisamehe kwa ule usumbufu."

Nikamtazama. Sikuwa na hasira, zilikuwa zimekwisha, nilikuwa mtu mtupu kabisa.

"Yale mawili tuliyoyapasua," nikamwuliza, "uliyapeleka wapi?"

Akaangalia chini.

"Yale tuliyarekebisha, mama. Yameshakwisha."

Kwa hiyo aliyashona, akayavisha nailoni mpya, na kuna watu wawili mahali fulani, Namtumbo huko au hapa hapa mtaani, wamelala juu yake. Siku ile ngazi zake zilikuwa zimejaa watu walio upande wangu. Ningesema yachomwe, yangechomwa. Sikusema. Watu wakinisifia mpaka leo kwa habari ya siku ile, na wananisifia, huwa nawaacha wasifie, halafu nabadilisha mazungumzo.

Wifi alirudi Lusewa baada ya arobaini. Nilimpa lile godoro zima achukue, akakataa. Alisema lake linatosha, limembeba kaka yake, atalilalia. Akalifunga kamba yake ya katani, konda akalipandisha juu ya basi.

Nilichonacho leo ni hiki. Nyumba ya vyumba sita, vinne nimepangisha. Kibanda sokoni, nimekifunga. Shamba la ekari tatu njia ya Madaba, la mahindi, na nusu ekari ya maharage. Ng'ombe mmoja wa maziwa. Cherehani mbovu. Kabati la mninga alilonitengenezea rafiki wa mzee. Mwiko wa mzee wa kujengea, kamba yake ya kupimia na ndoo yake ya zege. Kaburi lililojengewa, saruji sikupunguza, nilisimama pale fundi akichanganya. Magodoro manne, pamoja na la wapangaji, yote nimeyatoa nailoni na kuyapasua katikati nikaangalia. Sufuria kumi na mbili. Chungu kimoja. Redio. Kuku sijawahesabu.